Ukuta wa uani umeangukia kwa jirani, na mvua zinakaribia

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, kule juu ambako nyumba zimepanda kilima na ukikaa barazani unaiona ghuba yote. Kiwanja chetu ni kizuri ila ni mteremko mtupu. Tulipojenga tulikata udongo upande wa juu tukaumwaga upande wa chini ili tupate ua wa kutosha, halafu fundi akatusimamishia ukuta wa tofali za inchi 6 wa kuushikilia. Kwenda juu unanipita kichwa kidogo, na urefu wake ni kama hatua ishirini na tano. Tukaupiga lipu na rangi, ukapendeza.

Masika iliyopita, Februari, mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi tukaukuta ukuta umetoa tumbo katikati. Tukasema tutautengeneza mvua zikikatika. Haukukaa sana, pembe ya kushoto ikaporomoka usiku kwa jirani yangu wa chini na kufukia banda lake la kuku. Namshukuru Mungu hakuumia mtu, lakini kuku wote walikufa. Sehemu iliyobaki bado imesimama. Ina lile tumbo, na ina ufa wa kulala ambao kidole kinapita.

Jirani ni mtu mzima, namheshimu kama mama yangu, lakini siku hizi salamu zetu zimekuwa za juu juu. Anasema ukuta wangu, udongo wangu, maji yangu, kwa hiyo nimlipe. Mume wangu naye anasema yule mama alichimba shimo la choo kipya karibu kabisa na mguu wa ukuta, basi kajiponza mwenyewe.

Fundi aliyejenga anasema tuusimamishe upya palepale, tofali zilezile, ila safari hii tuweke nguzo za nondo na saruji ya kutosha. Fundi mwingine anasema uliobaki tuuzibe ufa tu na kuupiga lipu nzito. Shemeji anasema tupange viroba vya mchanga, inatosha. Hela tunategemea korosho za kaka yangu huko Newala. Minada ikienda vizuri tutaipata Novemba au Desemba. Sasa ni Oktoba. Na nisisahau: juu ya ule ukuta uliobaki kuna simtanki letu la lita 2,000, na migomba niliyoipanda inywe maji ya bafuni.

Nianzie wapi, mjomba? Na jirani nimlipe?

Mama wa Watatu, Mikindani

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana kwa mkasa huu, na pole zaidi kwa kukosana na mtu mliyekuwa mnapeana chumvi.

Kabla hujaenda mbali na barua hii, nenda kalitoe lile simtanki. Lita 2,000 ni tani mbili, nazo zimekaa juu ya udongo unaosukuma ukuta wenye ufa. Maji yaliyomo yatumieni, gawa kwa majirani, au yavute kwa mpira hadi mferejini barabarani, ila usiyaachie hapohapo uani. Tanki lihamie upande wa juu wa nyumba. Watoto wasicheze tena karibu na ukuta, si juu wala chini. Halafu shuka mwenyewe kwa yule mama, usimtume mtoto, umwambie asikae wala kuanika kitu karibu na ukuta huo, kwa umbali usiopungua kimo cha ukuta wenyewe na nusu yake. Kama choo chake kinaangukia ndani ya umbali huo, ni lazima ajue leo na si baada ya mvua.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ukuta. Haukuanguka kwa kukosa saruji wala nondo. Maji ndiyo yaliyouangusha, na mapendekezo yote matatu uliyopewa hayana hata moja linalogusa maji.

Chukua kipande cha ukuta chenye urefu wa mita moja na kimo cha mita 2. Udongo wetu wa kichanga ukiwa mkavu unakisukuma kwa nguvu ya kama tani moja. Udongo huohuo ukijaa maji yasiyo na pa kutokea, msukumo unafika tani mbili na nusu na kupita, kwa sababu sasa maji yanasukuma kwa nguvu yao wenyewe, na ya udongo, ingawa inapungua, bado ipo. Kipande hicho cha tofali za inchi 6 hakina uzito hata wa tani moja. Kwa hiyo miaka yote hiyo ukuta haukuwa umeushika udongo, mpwa wangu. Udongo ulikuwa unajishika wenyewe. Huu mchanga mwekundu wa kwetu ukikauka unaweza kukatwa wima kwa sururu ukasimama hivyo kiangazi chote; ukiloa sawasawa unaachia wote kwa mara moja. Nyumba za vilimani huku kwetu, Mikindani na Lindi vilevile, nyingi zinamdanganya mwenyewe hivyo hadi ije mvua moja kubwa.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye zile tofali zilizoanguka na uzigeuze uone mgongo wake, ule upande uliokuwa umeangalia udongo. Nadhani utakuta zile za chini ni nyeusi, zina ukungu wa kijani na tope lililoganda, na za juu ni safi. Pale rangi inapobadilika ndipo maji yalipokuwa yakisimama. Kisha angalia uso wa ukuta uliobaki, upande wa jirani. Ukiona madoa meupe ya chumvi yamechora mstari chini ya ufa, na lipu imevimba na kubanduka, hayo ni maji yanayojitafutia njia kupita ndani ya tofali kwa sababu fundi hakuyaachia tundu hata moja.

Na maji hayo yanatoka wapi? Sehemu moja umenitajia mwenyewe: bafu linamwaga kwenye migomba, migomba iko mgongoni mwa ukuta, basi udongo wa pale haukauki hata Agosti. Lakini kubwa ni bati. Sijui nyumba yako ina ukubwa gani, tuseme ni mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ajabu kwa siku moja, inamwaga juu ya bati hilo lita 4,000. Kama huna gata, zote zinashuka kwenye ua ule mlioujaza kwa udongo wa kumwaga ambao haukushindiliwa. Ongeza yanayotiririka kutoka kwa wenzenu wa juu. Zungukeni nyumba mvua ya kwanza ikinyesha, wewe na mume wako, mkiwa na mwavuli, muone kwa macho kila maji yanapokwenda. Kwa kazi hii nusu saa hiyo ni bora kuliko makadirio ya mafundi watatu.

Fundi wa nondo nisimvunjie heshima, nondo ni kitu cha maana. Lakini nondo kwenye ukuta wa kuzuia udongo ina masharti. Ikae upande wa udongo, kwa sababu upande huo ndio unaovutwa ukuta ukisukumwa, na ishuke ikafungwe kwenye kitako kipana cha zege kilichoingia nyuma chini ya udongo, ili uzito wa udongo wenyewe ukikalie na kukizuia kisiinuke. Nguzo za nondo zilizosimama juu ya msingi mwembamba wa ukuta wa kawaida haziongezi chochote. Ukuta hautapasuka katikati, utalala mzimamzima, na kwa jirani utakuwa mzito zaidi ya ule wa kwanza.

Huyo wa kuziba ufa na kupiga lipu nzito mwambie hapana. Ufa wa kulala kwenye ukuta uliotoa tumbo maana yake ukuta umeshakunjika hapo. Lipu itauficha ufa usiuone unavyopanuka, na itaziba hata zile njia ndogo ambazo maji yalikuwa yakipenya. Kama bado una shaka, funga jiwe kwenye kamba, uiteremshe kutoka juu ya ukuta kwa upande wa mbele, upime nafasi kati ya kamba na ukuta pale juu, katikati na chini. Andika na tarehe. Lakini kwa maelezo yako mimi sihitaji hata kipimo hicho: sehemu hiyo ishuke, na ishuke mwezi huu kungali kukavu.

Ishuke kwa utaratibu. Anza juu, kamwe usianze chini. Kwanza punguzeni udongo wa mgongoni kwa tabaka, kila udongo ukishuka kwa kimo cha mistari miwili mitatu ya tofali ndipo mnatoa tofali za kimo hicho, mafundi wakiwa upande wa juu. Asisimame mtu upande wa jirani wakati wa kazi, na mguuni mwa ukuta pasichimbwe hata kidogo. Mkimaliza, ule ukingo wa udongo muulaze: kwa kila mita moja ya kushuka uende mlalo mita moja na nusu. Kwa kimo chenu mtapoteza kama mita tatu za ua. Kama hapo mtakuwa mmeukaribia msingi wa nyumba, simameni kwanza na muite mhandisi.

Na hapa ndipo shemeji anapopata haki yake. Viroba si ukuta, jua letu linaula mfuko ukachanika baada ya muda si mrefu, lakini kwa masika moja vinafaa. Vijazeni udongo mlioutoa, vipangwe mguuni mwa huo mteremko kwa kupishana kama tofali, vikiegemea udongo. Juu ya mteremko tandikeni turubai, ukingo wake wa juu mkauzike ndani ya kifereji ili maji yasipenye chini yake. Kisha mfereji wenyewe: upite upande wa juu wa nyumba, kina sentimita 30, ushuke angalau sentimita moja kila mita, ukatoe maji pembeni hadi mfereji wa barabara. Wekeni gata hata kama ni upande mmoja tu wa bati unaoelekea ukutani. Migomba ihamisheni, na maji ya bafuni yaende kwenye shimo lake mbali na hapo.

Haya yote yanahitaji jasho zaidi ya hela, na ndiyo maana nakuambia usikimbilie kujenga korosho zikilipwa. Najua hela ikiingia Novemba inawasha mkononi. Lakini mvua zetu huanza wakati huohuo, na ukuta unaojengwa kwenye mtaro wenye tope unazaliwa mgonjwa. Hela ya kaka yako inunue mawe na kokoto, vilundikwe upande wa juu wa nyumba, na inayobaki itunzwe. Kazi ianze Juni ardhi ikishakauka. Usianze Aprili eti mvua zimepungua. Kimbunga Hidaya kilitukuta Mei 2024, wakati wengi wameshafunga hesabu za masika, na kule Kilwa kikaikata barabara kuu.

Ukuta mpya mimi ningeufanya kuta mbili fupi badala ya mmoja mrefu. Nguvu ya udongo haiongezeki sawa na kimo: kimo kikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Kila ukuta uwe na kimo cha mita moja, na wa juu ukae nyuma ya wa chini kwa umbali usiopungua mita mbili, la sivyo ule wa juu utauelemea wa chini. Katikati hapo unapata ngazi ya kupanda majani ya vetiva, ambayo mizizi yake inashuka hadi mita tatu na kushona udongo. Usipande mwembe wala mwarobaini karibu na ukuta, mizizi yake itausukuma.

Ujenge kwa mawe. Chini upana sentimita 60, juu 40, na uso wa mbele uegemee nyuma, kuelekea udongo, kwa sentimita kama 10 kwa kila mita ya kimo. Msingi ushuke sentimita 40 au zaidi, hadi ardhi ya asili, maana upande wenu wa chini una udongo wa kumwagwa na ukiishia ndani ya huo umejenga juu ya hewa. Zitazame kuta za nyumba za zamani pale mjini kwenu na lile Boma la mwaka 1895, uone unene wake. Waliojenga vile walijua kuwa jiwe linafanya kazi kwa uzito. Mawe ya matumbawe ya kuchimbwa nchi kavu yanafaa, chagua mazito na uyatupe yale ya matobotobo yanayomeguka. Yaliyovunjwa baharini usiyanunue, ni kuua mazalia ya samaki. Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni hata ukiuzwa nusu bei, kwani chumvi yake inaharibu kazi, na mahali penye nondo inaila nondo ndani kwa ndani.

Sasa mgongoni, sehemu ambayo fundi wengi wanaiharakisha kwa sababu haionekani kazi ikiisha. Simama juu yake mwenyewe siku hiyo, mpwa wangu, hata kama itabidi chakula kipikwe na mwingine. Paipu za inchi 3 zipite ndani ya ukuta kila mita moja na nusu, mstari wa chini ukiwa sentimita 15 juu ya ardhi ya mbele, na kila paipu iinamie nje. Mdomo wa nyuma wa paipu ufungwe wavu, kisha yapangwe mawe ya ukubwa wa ngumi kuuzunguka ili mchanga usitoroke. Baada ya hapo, nyuma ya ukuta wote, kutoka chini karibu hadi juu, ijazwe kokoto unene wa sentimita 30. Kokoto safi, si kifusi chenye lipu na udongo. Fundi akikuambia matundu yanatosha bila kokoto, mkatalie: tundu lisilo na kokoto nyuma yake linaziba masika ya kwanza. Nyuma ya kokoto ndiyo udongo urudi, kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe kwa mkono. Tabaka la mwisho juu kabisa liwe la udongo wa mfinyanzi, liinamie mbali na ukuta. Na msijaze chochote mgongoni kabla ukuta haujatimiza wiki mbili ukimwagiwa maji. Kujaza mapema kunauangusha ukuta mbichi hata bila mvua.

Kuta za mita moja fundi mzuri wa mawe anaziweza. Mkiamua kurudia ukuta mmoja wa mita 2, hapo nataka mhandisi aliyesajiliwa na bodi yao akuchoreeni kitako na nondo, na kwa vyovyote vile pitieni ofisi ya manispaa mkaulizie kibali kabla ya kuchimba.

Nimeliacha la jirani mwisho kwa sababu limefungamana na hayo yote. Kuku na banda mlipie. Usisubiri kuambiwa na mwenyekiti wa mtaa. Udongo mliujaza ninyi, na maji ya bati na bafu ni yenu. Mume wako ana hoja kuhusu choo, shimo linalochimbwa mguuni mwa ukuta linaondoa udongo unaouzuia usiteleze mbele, lakini hoja hiyo haifuti deni la kuku. Mwende wote wawili, jioni, mkiwa na chochote mkononi, mseme pole kwanza, mlipe, ndipo mzungumzie choo. Yale maji yatakayotoka kwenye paipu zako yatadondokea kwake. Unahitaji kifereji cha saruji mguuni mwa ukuta kiyapokee na kuyapeleka barabarani, na kifereji hicho huenda kikapita kwenye kiwanja chake. Huwezi kukichimba bila ridhaa yake. Yeye naye hawezi kukaa salama bila ukuta wako. Ombeni mkubaliane mambo mawili, yaandikwe, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie: njia ya kifereji, na shimo la choo kuhamia umbali ambao fundi wa mawe ataridhika nao. Shimo la sasa likiachwa, lijazwe mawe na udongo wa kushindiliwa hadi juu, na msingi wa ukuta wa chini usichimbwe kabla hilo halijafanyika.